Kitakachokatika Kwanza

Barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare na kuendelea hadi Fizi ni ya zamani kuliko gari lolote lililowahi kukwama ndani yake. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake, na misafara ya pembe na ya watumwa ikawa inapita Kabambare hadi Mtowa ziwani, kisha inavuka Tanganyika kwenda Ujiji. Leo mwenye gari anayeagiza kipuri Kigoma anakingoja kwa njia ile ile, ila sasa mzigo unaelekea magharibi: boti, lori, na mwisho pikipiki. Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, iko kama kilomita 240 kaskazini, na reli ya kutoka huko kwenda Kongolo inapita ng'ambo ya pili ya Lualaba. Kipuri kinachouzwa saa hiyo hiyo Gerezani, Dar es Salaam, Kasongo kinaweza kuchukua majuma.

Ndiyo maana sura hii haianzi na swali ambalo watengeneza magari ya michezo huko Marekani na Australia huanza nalo, yaani krosi ipi ni imara kuliko zote. Swali la Kasongo ni jingine. Gari litavunjika, je, unataka kivunjike nini?

Gari lenyewe tunalifahamu. Ni Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, mara nyingi pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita zilizopangwa mstari, isiyo na taboo wala kompyuta. Hakuna mtu Maniema atakayekwambia gari lake limefanyiwa marekebisho ya kwenda porini. Atakwambia ni gari la kazi. Lakini lichungulie kwa chini. Springi za nyuma zimeongezwa majani mawili au matatu ili zibebe magunia ya mchele na abiria juu yake. Matairi ya 7.50-16 yameondolewa, yamewekwa 9.00-16 ili tumbo lipite juu ya kichuguu cha katikati ya njia. Mbele kuna bampa la chuma lililochomelewa hapa hapa, juu kuna kichanja, ubavuni bomba la hewa limepandishwa hadi usawa wa paa kwa ajili ya mito. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kimegusa krosi, na hakuna aliyeiuliza.

Krosi ni msalaba mdogo wa chuma wenye ncha nne. Kila ncha imevikwa kikombe, na ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba za beringi zimepangwa duara. Ncha mbili zinashikwa na panda ya upande mmoja, mbili nyingine na panda ya upande wa pili, na hapo nguvu inapita kona bila kukatika. Bomba refu linaloziunganisha krosi mbili, kutoka transfa hadi difu, wengine huliita propela, na waliojifunzia ufundi kwa Kifaransa huliita kardani, kwa jina la Girolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16. Sifa hiyo Cardano amepewa bure kidogo: pete za kuning'iniza taa na dira zisiyumbe zilijulikana kabla yake. Aliyetumia kiungo hiki kuzungushia chombo na kukieleza kwa maandishi ni Mwingereza Robert Hooke, katika miaka ya 1670, naye alikuwa akiwaza kufuata mwendo wa jua. Gari lilimpata mtu wake mwaka 1903, Clarence Spicer, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, alipopewa hataza ya kiungo ambacho kingechukua nafasi ya mnyororo. Mwaka uliofuata akaanza kukitengeneza Plainfield, New Jersey. Jina lake bado limepigwa chapa kwenye maboksi, na hesabu za ukubwa wa krosi za Kimarekani bado zinaanza naye.

Hooke alikuwa amegundua pia kasoro, nayo ndiyo inayomsumbua mwenye gari lililopandishwa. Krosi ikipinda, upande unaozungushwa hauendi kwa mwendo ule ule wa upande unaozungusha. Katika kila mzunguko mmoja unakimbia mara mbili na kuchelewa mara mbili. Pembe ikiwa digrii 5 tofauti hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja na hakuna anayeihisi. Kwenye digrii 10 ni asilimia moja na nusu kila upande. Kwenye digrii 20 inafika asilimia 6, na kwenye 30 inakimbilia 15. Difu zito na matairi mazito hayakubali kukimbizwa na kuzuiwa namna hiyo, kwa hiyo tofauti inageuka kuwa mapigo, na mapigo yanapokelewa na zile sindano.

Dawa ni krosi ya pili. Zikiwa mbili kwenye propela moja, pembe zao zikilingana, na panda za ncha zote mbili za propela zikiwa zimekaa mstari mmoja, basi kinachoharibiwa na ya kwanza kinarudishwa na ya pili. Masharti ni hayo mawili tu, na yote mawili huvunjwa kila siku gereji. Panda zinakosa mstari fundi anapoivua propela kwenye meno yake ya kuteleza, akaisafisha, akairudisha jino moja au mawili pembeni. Kosa hilo linazuiliwa kwa alama ya tindo au tone la rangi kabla ya kuchomoa, kazi ya nusu dakika. Pembe zinakosa kulingana mtu anapoanza kuchomelea.

Hapo pana jambo la kukaa nalo, kwa sababu wengi huogopa kisichostahili kuogopwa. Tuseme propela ya nyuma ina urefu wa sentimita 130, na majani yaliyoongezwa yamelinyanyua gari kwa sentimita 6. Pembe imeongezeka kwa digrii pungufu kidogo ya 3, juu na chini kwa pamoja, maana ekseli imeshuka bila kugeuka. Kama zilikuwa 8 na 8, sasa ni karibu 11 na 11. Zimekuwa mbaya zaidi lakini bado zinalingana, na gari linaendelea. Chukua sasa propela fupi, ya sentimita 60, kama ilivyo kwenye gari lenye chesi fupi: sentimita zile zile 6 zinaongeza karibu digrii 6. Ufupi ndio adui. Na kibaya zaidi kinakuja pale fundi, akitaka kusaidia, anapokata kitako cha springi na kukichomelea upya kikiwa kimelala kidogo. Juu panabaki 11, chini panakuwa 5, na mapigo hayana tena wa kuyafuta. Tofauti ya digrii moja au mbili inavumilika. Sita haivumiliki.

Kupima hakuhitaji chombo cha Ulaya. Chukua kipimapembe cha mwanafunzi, kile cha plastiki kinachotoka kwenye kikebe cha hesabu, funga uzi kwenye tundu lake la katikati, ning'iniza nati. Egesha gari mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida; kupima gari tupu ni kupima gari la mtu mwingine. Laza kipimapembe kwenye uso wa flanji ya transfa usome, kisha kwenye bomba la propela, kisha kwenye flanji ya difu. Tofauti ya cha kwanza na cha pili, ukiondoa digrii 90 za uso wa flanji uliosimama, ni pembe ya juu. Tofauti ya cha pili na cha tatu, ukiondoa hizo hizo 90, ni pembe ya chini. Baada ya hapo nyanyua chesi kwa jeki hadi matairi ya nyuma yaning'inie, toa gia, uizungushe propela kwa mkono mzunguko mzima. Ikigoma mahali, panda zinagusana. Mahali hapo itavunjika siku gurudumu litakapoingia shimoni, hata ukiifunga krosi ya dhahabu. Angalia pia meno ya kuteleza yamebaki yameshikana kiasi gani. Gari likinyanyuliwa propela inahitaji kurefuka, na ikirefuka kupita kiasi huchomoka.

Ekseli ya mbele ina mgogoro wake. Pikapu za kuanzia mwaka 1999 zina springi za mzunguko mbele, na ukiweka ndefu zaidi, mikono inayoishika ekseli inaigeuza, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga. Fundi anaigeuza ekseli irudi. Usukani unatulia, lakini pua ya difu sasa inatazama chini na pembe ya propela ya mbele imeharibika. Huwezi kuvipata vyote. Mimi ningechagua usukani. Propela ya mbele inafanya kazi pale tu gari liko kwenye tope na linakwenda polepole, wakati usukani unafanya kazi saa zote, zikiwemo zile za kuteremka na watu 20 juu ya mzigo.

Na polepole ndilo neno ambalo ushauri wa kigeni haulijui. Fanya hesabu: tairi la 7.50-16 linakwenda kama mita 2.5 kwa mzunguko, na difu ya 4.1 inaizungusha propela mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwenye lami, kilomita 60 kwa saa, propela inazunguka zaidi ya mara 1600 kwa dakika. Kati ya Kasongo na Kabambare wakati wa mvua, kilomita 15 kwa saa ni mwendo wa kujivunia, na propela haizidi mara 400 na kidogo. Mtetemo unaomnyima usingizi mtu wa Nairobi hapa hausikiki kabisa, umefunikwa na mabati ya kichanja. Krosi haifi kwa kasi. Inakufa kwa maji, kwa ukavu na kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo siipendekezi Kasongo ile propela yenye krosi mbili pamoja upande wa transfa, inayouzwa ghali kwa magari yaliyonyanyuliwa. Kwa wenye lami ni dawa nzuri, inazungusha karibu sawasawa hata kwenye pembe kubwa. Lakini katikati yake kuna kigololi cha kuizuia isiyumbe, na kigololi hicho kikiingia tope kinasagika mapema kuliko krosi zenyewe. Kukipata Maniema ni bahati nasibu. Tena inadai pua ya difu ielekezwe moja kwa moja kwenye transfa, maana yake kuchomelea upya vitako vyote. Ukiiharibu, huwezi kurudi kwenye propela ya kawaida jioni ile.

Tuje kwenye nguvu. Injini ya 1HZ inatoa takriban 280 Nm. Gia ya kwanza ikizidishwa na gia ya chini ya transfa inaikuza nguvu hiyo zaidi ya mara 10, kwa hiyo kwenye propela kunaweza kufika karibu 3000 Nm. Namba hiyo inatisha na ndiyo inayowauzia watu krosi kubwa. Lakini propela haipokei kile injini inachoweza kutoa. Inapokea kile ardhi inachoweza kuzuia. Weka kilo 2000 juu ya ekseli ya nyuma, juu ya udongo mwekundu mkavu unaoshika vizuri, tuseme mshiko wa 0.7. Tairi la kimo cha kati cha sentimita 40 litaserereka likifika 5600 Nm, na ukigawa kwa 4.1 ya difu, propela imebeba chini ya 1400. Zaidi ya hapo gurudumu linazunguka bure. Kwenye tope, mshiko ukishuka hadi 0.3, propela haibebi hata 600. Sasa weka lile tairi la 9.00-16, ambalo kimo chake cha kati kinakaribia sentimita 44.5: kila namba inapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo bei halisi ya tairi kubwa, na haiandikwi dukani.

Hivyo tope peke yake halivunji krosi. Dereva yumo kwenye matope, gurudumu linazunguka kwa kasi, mguu umekanyaga mafuta, watu wanasukuma wakiimba. Ghafla tairi linapata mzizi, au gogo la daraja, au jiwe alilotupia kondakta. Mshiko unatoka 0.3 hadi ukuta. Kila kitu kilichokuwa kinazunguka, pamoja na gurudumu la injini, kinataka kusimama kwa wakati mmoja, na mzigo huo hauna hesabu ya kwenye karatasi. Mlio unaofuata kila dereva wa Maniema anaujua.

Kitu kitakatika. Mpangilio tangu transfa ni huu: shafti ya kutokea transfa, krosi, bomba, krosi, pinioni ya difu, kisha shafti za magurudumu. Krosi ndiyo fyuzi ya mpangilio huo. Bei yake ni ndogo kuliko ya vingine vyote, inafungwa kwa nyundo na soketi, na inaingia mfukoni. Mtu anayebadilisha panda zake ili aweke krosi ya lori amesogeza mahali pa kukatikia, akapaweka kwenye pinioni au ndani ya transfa. Pinioni na taji yake vinauzwa kwa jozi, vinapangwa kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita, na anayeweza kuvipanga sawasawa huenda yuko Bukavu au Lubumbashi. Nimesikia ubishi huu mara nyingi chini ya miembe.

"Fundi, niwekee kubwa, nimechoka kununua."

"Papa, ukinunua hii ndogo unalala nyumbani kesho. Ile kubwa ikikataa kukatika, itakatika difu."

Fundi ana haki, kwa sharti moja: krosi ya ukubwa wa kiwandani iwe nzima, ya kweli, na yenye grisi. Ikikatika mara kwa mara katika hali hiyo, tatizo ni pembe, au mguu wa dereva, au magunia. Sharti hili lina mpaka. Gari lililobadilishwa injini likawekewa ya taboo, au linalovuta trela la mashine, limehama daraja na propela nzima inafaa ihame nalo, pamoja na difu.

Wamarekani wameliweka jambo la ukubwa wazi, na inafaa kuliona hata kama gari lako ni la Kijapani. Mfululizo wa 1310 wa Spicer una msalaba wa upana wa milimita 81.8 na kikombe cha milimita 27. Wa 1330 umepanuliwa hadi 92.1, kikombe kikabaki kile kile. Wa 1350 una upana huo huo wa 92.1, lakini kikombe kimenenepa hadi 30.2. Kati ya 1330 na 1350 mtu asiyepima haoni tofauti, kumbe unene wa ncha ndio unaobeba mzigo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kipenyo cha kikombe, cha pili ni urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi cha mkabala, cha tatu ni mahali klipu inapokaa, ndani ya panda au nje yake. Nenda dukani na vernia na krosi ya zamani mkononi. Jina la gari halitoshi. Land Cruiser za miaka tofauti, na hata mbele na nyuma ya gari moja, hazilazimiki kuvaa krosi moja. Kwenye maboksi ya GMB ya Japani herufi husaidia kidogo: GUT ni za Toyota, GUN za Nissan, GUM za Mitsubishi, GUIS za Isuzu.

Bandia ni nyingi, na boksi zuri si ushahidi. Fungua kikombe kimoja hapo hapo mezani, mwenye duka akinuna mwache anune. Sindano zijae duara lote bila pengo linalozifanya zilale upande. Mpira wa kuziba uwe na midomo inayoshika, usizunguke ovyo ukiugusa. Ncha ya msalaba iwe imesuguliwa ikang'aa, bila mistari ya mashine unayoihisi kwa ukucha. Pitisha pembe ya tupa juu yake kwa wepesi: ikikwaruza kirahisi, chuma hakikutiwa ugumu. Kuna krosi zilizotumika zinazotoka Sharjah ndani ya propela nzima, zimevuliwa kwenye magari ya Ghuba. Nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini, maana zimetembea kwenye ukavu. Zijaribu kwa kuzikunja kila upande. Ikikwama kwanza katikati ndipo iendelee, sindano zimeshachimba vitanda vyao na hiyo ni ya kutupa.

Ya kupigwa grisi au iliyofungwa? Watengenezaji wanasema, na ni kweli, kwamba msalaba usiotobolewa ni imara zaidi, kwani tundu la grisi linapita katikati ya chuma kinachobeba mzigo. Kwenye gari la mashindano ningewasikiliza. Lakini kuelekea Kabambare utaingia majini. Luama na vijito vyake haviulizi. Chuma kilichopata moto kikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani ya kikombe inasinyaa na kuyanyonya maji kupitia midomo ya mpira. Krosi iliyofungwa haina njia ya kuyatoa. Yenye tundu unaipigia grisi jioni hadi ile ya zamani, iliyogeuka nyeupe kama maziwa, itoke, na ifuate safi. Itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikigoma, tikisa propela, izungushe, jaribu tena, maana hicho kimoja ndicho kitakachokufa. Grisi iwe ya lithiamu ya kawaida, namba 2. Udhaifu wa tundu unapunguzwa kwa kulielekeza vizuri wakati wa kufunga: likae upande wa kona unaobanwa gari linapovuta kwenda mbele, si ule unaovutwa ufunguke. Na kwenye meno ya kuteleza usipige hadi imwagike. Grisi ikijaa humo haina pa kwenda, na propela ikifupika juu ya tuta inaisukuma transfa.

Vumbi la rangi ya kutu kuzunguka kikombe ni sindano zilizosagika. Ukiliona, grisi haisaidii tena. Mlio wa "tiki" unapoachia klachi kwenda mbele kisha nyuma ni hatua inayofuata.

Wakati wa kufunga, adui ni haraka. Kikombe kinasukumwa kwa jiliwa na soketi, huku msalaba umeingizwa nusu ndani yake ili sindano zisianguke. Sindano moja ikilala chini ya ncha, klipu haitaingia, na anayeipiga nyundo ili iingie ameshaiharibu krosi mpya. Bomba la propela lisipigwe kamwe, kwani likibonyea halirudi. Klipu zinauzwa kwa unene mbalimbali. Toyota inataka mchezo wa kwenda na kurudi usizidi milimita 0.05, na klipu za pande mbili ziwe unene mmoja ili msalaba ukae katikati. Ukimaliza, piga panda kidogo kwa nyundo ya shaba ili vikombe virudi nje hadi kwenye klipu. Krosi ikunjike kwa mkono bila kulegea.

Kuna magari yanayokaa mjini majuma mengi na hapu za mbele zimefunguliwa. Propela ya mbele haizunguki, sindano zinakaa mahali pamoja zikitikiswa, na mwisho zinachimba. Funga hapu mara moja moja barabara ikiwa na utelezi, izunguke kidogo. Vivyo hivyo krosi iliyonyooka kabisa, pembe sifuri, haipendezi. Inahitaji hata nusu digrii ili sindano zibiringike.

Usalama. Krosi ya mbele ya propela yoyote ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, bomba linaanguka na ncha yake inaweza kuchoma ardhi na kulinyanyua gari. Utepe wa chuma uliochomelewa kama kitanzi kwenye chesi, ukilizunguka bomba karibu na ncha hiyo, unalizuia, na chuma cha kazi hiyo kinapatikana kwenye chesi yoyote iliyokufa mjini. Wenye Land Rover Defender za zamani wakumbuke kwamba breki yao ya mkono iko kwenye shafti ya kutokea transfa na si kwenye magurudumu. Propela ya nyuma ikikatika mlimani, na kufuli ya difu ya kati haijafungwa, breki ya mkono haishiki chochote. Jiwe nyuma ya tairi kwanza, kulala chini ya gari baadaye.

Na ikikatika ya nyuma ukiwa mbali, gari halijafa. Vua propela nzima kwenye flanji zake, ifunge juu ya kichanja, funga hapu za mbele, weka gia ya magurudumu manne, na Land Cruiser ya kawaida itavutwa na magurudumu ya mbele. Kwa zile zenye difu ya kati, lazima difu hiyo ifungwe, la sivyo nguvu yote inakimbilia kwenye flanji tupu ya nyuma. Shusha abiria kwenye miinuko, acha magunia kwa mwenyeji, kanyaga mafuta taratibu.

Boksi la njiani libebe krosi mbili zilizokwisha kupimwa kwenye panda zako, boliti nne za flanji na nati zake za kujikaza, soketi mbili za vipenyo vinavyofaa, koleo la klipu, na klipu nne za ziada zilizofungwa kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli pamoja na grisi, kwa sababu klipu ikiruka ndani ya majani ya Kabambare haipatikani tena.